Jumapili Pasta Alipolala

Pasta Wasike alikuwa na makanisa matatu. La Section 58, hapo Nakuru, ndilo lililompa nyumba ya kuishi. La Kabazi na la Gilgil aliongezewa na askofu miaka minne iliyopita, wachungaji wa huko walipostaafu na wengine wasipatikane. Aliambiwa ni kwa muda. Hakuuliza muda gani. Baba yake alifanya kazi ya reli miaka thelathini bila kulala nyumbani siku moja akisema anaumwa, na Wasike alikua akijua kwamba mwanamume haulizwi kama amechoka.

Kila kanisa alilopewa, alianzisha kwaya. Nyimbo nyingi alitunga mwenyewe, akiandika noti za do-re-mi kwa penseli nyuma ya karatasi za ratiba ya mazishi, kwa kuwa karatasi hizo hazikumwishia mfukoni. Jumatano alifundisha Kabazi, Alhamisi Section 58, Jumamosi Gilgil kama hakuna arusi. Nyumbani nako ilikuwa nyimbo. Mkewe Nabalayo, mwalimu wa shule ya msingi, aliimba sauti ya pili tangu walipokutana. Binti zao wawili waliimba kabla hawajajua kusoma, na sala ya chakula pale mezani ilikuwa wimbo wa sauti tatu au nne. Majirani walisimama kwenye ua kuwasikiliza. Celestine, kifungua mimba, sasa alikuwa nesi Eldoret. Aliyebaki nyumbani ni Becky, kidato cha nne. Ungemuuliza Pasta Wasike anapenda nini duniani, angekujibu bila kufikiri kwamba anapenda familia yake na muziki, na hakuna mtu Section 58 angembishia.

Wiki ile ya mwezi wa saba ilianza na mazishi. Jumanne alizika Kabazi mvua ikinyesha, na gari lilipokwama kwenye tope alilisukuma pamoja na waombolezaji, joho likiwa limekunjwa kiunoni. Jumatano alirudi huko huko kwa mazoezi. Alhamisi, kwaya ya Section 58 ilipokuwa ikiimba, aliisimamisha mara tatu. Sauti ya pili ilikuwa nyembamba. Alimwambia Chemutai, msichana aliyekuwa msaidizi wake, aandike kwenye kundi la WhatsApp kwamba sauti ya pili imepungua na waliopotea warudi. Ijumaa ilikwisha kwenye kikao cha wazee kuhusu paa linalovuja. Jumamosi aliwafungisha ndoa bwana na bibi arusi huko Gilgil. Ibada ilikuwa ya saa nne asubuhi, lakini wajomba wa bibi arusi walifunga lango wakitaka mazungumzo ya mahari yamalizwe kwanza, na watu wakaingia kanisani saa nane. Akirudi alipita Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, moshi ukaingia garini, akakumbuka kwamba hakuwa ametia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Hakusimama. Mahubiri ya kesho alikuwa hajayaandika.

Jumapili, Section 58, alisoma somo vizuri. Kisha akaketi kwenye kile kiti kilicho nyuma ya mimbari, kwaya iimbe wimbo mmoja kabla ya mahubiri. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe. Walipofika ubeti wa pili, Nabalayo aliyekuwa amesimama katika mstari wa mbele wa kwaya aliona kidevu cha mumewe kikishuka. Alidhani anaomba. Wimbo ulikwisha, na Pasta hakusimama.

Chemutai aliangalia huku na huku. Mzee Kabiru, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, aliinuka taratibu, akapanda jukwaani na kunyoosha mkono amguse bega. Mkono ukasimama hewani. Baadaye alieleza kwamba aliona tope la Kabazi bado limeshika kisigino cha kiatu, na mdomo wa mchungaji uko wazi kama wa mtoto mchanga. Akageuka, akamnong'oneza Chemutai waimbe mwingine.

Wakaimba. Ulipokwisha, ule ukimya ukamsumbua Pasta, akajigeuza kitini. Basi Chemutai akaanzisha wa tatu upesi, wa polepole zaidi, na waumini wote wakaingia chini chini, wamekaa. Hakuna aliyetangaza kitu. Akina mama waliwawekea watoto kidole mdomoni. Kuna waliocheka kwa kujificha, na kuna waliofuta machozi. Mama mmoja mgeni alitoka kabla ya wimbo wa tano, akasema pale mlangoni kwamba hakutoka kwake kuja kumlinda mtu akilala.

Katikati ya wimbo wa sita mtoto alilia, na Pasta akaamka. Alisimama, akafungua Biblia, akaiangalia. Halafu akaangalia saa ya ukutani, na wote wakamwona akielewa.

"Nisameheni," alisema. "Leo sina mahubiri."

"Hakuna neno, Pasta," Mzee Kabiru akajibu kutoka kitini pake. "Tupe baraka twende nyumbani."

Nyumbani hakuvua koti. Alikaa mezani, akaanza kumweleza mkewe kwamba ataandika barua ya kuomba radhi isomwe katika makanisa yote matatu. Nabalayo alimpakulia chakula. Kisha Pasta alisema kwamba hata hivyo, kwa kadiri alivyosikia kabla ya kulala, sauti ya pili bado haijatengenea.

Nabalayo akaweka mwiko chini.

"Baba Celestine, Becky hajaimba wiki ya saba sasa."

Pasta alijibu kwamba aligundua kuna mtu amekosekana, ndiyo maana aliagiza ujumbe uandikwe.

"Umemtumia mtoto wako ujumbe kwa group," Nabalayo alisema, "na chumba chake kiko hapo."

Pasta aliacha chakula kikipoa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Becky alikuwa anafua sare za shule kwenye beseni. Alimwona baba yake, akaendelea kufua.

"Becky, kwaya uliacha kwa nini?"

"Nilitaka nione kama utakuja kuniuliza."

"Si nimekuja."

"Umekuja leo, baada ya mum kukuambia." Hakupandisha sauti. Aliinua sweta lililojaa maji. "Tangu nikiwa mdogo, baba, kama siimbi hunioni. Ukiwa nyumbani unatusikiza, lakini ni kama unasikiza noti."

Pasta akashika upande mwingine wa sweta, wakalikamua wawili, maji yakamwagika kwenye viatu vyake vya Jumapili.

"Bado nimekasirika," Becky alisema.

"Sawa," akamjibu.

Kesho yake alikwenda kwa askofu. Njiani alijiandaa kukemewa, kwa maana kijana fulani alikuwa amemchukua video akilala na ilikuwa imezunguka kwenye simu hadi Gilgil. Askofu alikuwa ameiona. Hakumkemea. Alikuwa mzee kuliko Wasike, macho mekundu, faili zimemjaa mezani, na alimweleza kwa muda mrefu jinsi wachungaji walivyo wachache na vijana wasivyotaka kazi hii. Pasta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema aliyokuja kusema: hawezi makanisa matatu. Hakuwahi kusema neno hilo mbele ya mkubwa wake, na lilimtoka kwa shida. Askofu akapekua faili moja, akaifunga. Gilgil angemwondolea kuanzia mwezi unaofuata. Kabazi hakuwa na mtu wa kumpa.

Kwaya ya Section 58 alimkabidhi Chemutai kwa hiari yake, na hilo ndilo lililomuuma. Alhamisi ya kwanza alikaa nyumbani, na kwa kuwa kanisa liko ng'ambo ya ua tu, alisikia kila kitu. Chemutai aliuchukua ule wimbo wa Pasta mbio, akaongeza ngoma, akaukata ubeti wa nne kabisa. Kidole cha Pasta kilikuwa kinagonga meza kwa mwendo wa zamani. Nabalayo, aliyeamua kubaki naye siku hiyo, alimwambia akitaka wanaweza kufunga dirisha. Akasema liache. Aliinuka mara mbili kwenda, mara zote mbili akarudi kuketi. Becky alipita akichukua maji, akamtazama, akaenda zake kusoma. Kwayani hakurudi, na baba yake hakumwomba arudi.

Jumamosi ya kwanza bila Gilgil ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi shuleni kwa Becky. Shule si mbali, walikwenda kwa miguu. Mwalimu mkuu alipomwona alichangamka, akatangaza kwamba kwa bahati njema tuna mtumishi wa Mungu kati yetu, atufungulie kwa maombi. Pasta alisimama. Watu walikuwa wameshainamisha vichwa.

"Mwalimu, naomba mzazi mwingine atuombee," alisema. "Leo nimekuja kama babake Becky."

Mama mmoja aitwaye Jepkemboi alijitolea, akaomba kwa urefu. Becky alikuwa anaangalia dawati.

Baadaye walikaa mbele ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu alisema bila kuzungukazunguka kwamba Becky alikuwa msichana wa B, na tangu muhula wa pili mwaka jana ameteremka hadi D. Pasta aliuliza kwa nini hawakuarifiwa nyumbani. Mwalimu akafungua faili, akamwonyesha ripoti nne, kila moja ina sahihi ya mzazi. Sahihi ilikuwa yake. Alikumbuka moja ya siku hizo, alitia sahihi juu ya boneti ya gari, injini inanguruma, anakwenda Kabazi. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja.

Walipotoka nje ya lango alimuuliza Becky angetaka afanye nini. Alidhani ataambiwa jambo kubwa. Becky alifikiri.

"Unaweza kuja kunichukua saa kumi na moja, nikimaliza masomo ya prep. Tutembee tu."

"Jumatano niko Kabazi."

"Najua. Siku zingine."

"Siku zingine nitakuja."

Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Menengai na vumbi jingi. Mbele ya duka la kusagia mahindi Pasta alisikia uchovu wa miaka minne wote umemshukia mchana kweupe, akasema ngoja kidogo. Kulikuwa na gogo hapo kando ya mlango. Becky alilipangusa kwa mkono, akamchukulia koti. Wakaketi, watu wakipita na magunia, mpaka akapata nguvu, kisha wakaendelea na njia.