Mlezi wa Mwanafunzi Pillye

Bwana Gu, mwenye banda la kukaushia matunda, aliingia bandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga makofi mawili kama mtu anayefukuza kuku, akatangaza kwamba redio imesema usiku huo sakitu, ule umande wa barafu, itaanguka. Gam zote zilizobaki mitini, yale matunda ya vuli yenye rangi ya chungwa, zingechumwa leo, na zote zingemenywa leo. Asiondoke mtu.

Wanawake wanane waliokuwa kwenye vigoda hawakuinua vichwa. Mashine ilizungusha gam na kuzivua ganda, nao wakakwangua kwa kisu mabaki yaliyong'ang'ania kando ya kofia ya tunda, wakiacha kikonyo na kipande kidogo cha kitawi cha kutundikia. Zikining'inia miezi miwili, gam hizo hizo zilizokuwa zikikausha ulimi zingekuwa tamu kama tende. Mdogo wao kuliko wote alikuwa na miaka sitini na minne. Tak Pillye alikuwa na sabini na miwili, na vidole vyake, kwa utomvu wa wiki sita, vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo.

"Mimi saa moja na nusu naondoka," alisema. "Nina shule."

Bwana Gu alicheka kwa pua. "Mama Jinsik, ukishajua kusoma utagombea ubunge?"

"Nitaanza na maboksi yako. Umeandika gam zimekaushwa kwa upepo wa mlimani. Huo upepo ndio hayo mafeni yako manne?"

Banda zima likaangua kicheko. Bwana Gu akageuka kuzitazama kamba za kutundikia, na alipomrudia Pillye hakuwa tena na utani. Alisema anayeondoka leo asihesabu kwamba kigoda chake kitamngoja kesho. Na kama lazima aende, basi kwanza aimalize kreti iliyo mbele yake.

Kreti ile ilikuwa imejaa mpaka juu. Pillye aliimenya yote, huku akilisikia basi la shule likipiga honi barabarani mara mbili, likangoja kidogo, likaondoka.

Tangu Machi alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Shule ya bondeni ilikuwa imebakiwa na watoto saba, na mwalimu mkuu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akitafuta vikongwe ambao hawajawahi kukalia dawati. Shule ilikuwa ikitafuta wanafunzi. Pillye alikuwa akiitafuta shule kwa miaka sitini na mitano. Alipokuwa na miaka saba baba yake alimfunga mdogo wake wa kiume mgongoni, akamwambia shule yake ndiyo hiyo. Kwa hiyo mwalimu mkuu hakumbembeleza. Pillye aliuliza tu kama penseli anakuja nayo mwenyewe.

Majira ya kuchipua alisoma vizuri, na kiangazi pia. Vuli ndiyo iliyomponza. Mafuta ya kupasha nyumba joto yalikuwa yamepanda bei mara mbili tangu Juni, kabichi za achari ya kimchi zilikuwa hazishikiki sokoni, na kazi ya gam huja mara moja kwa mwaka, katika wiki zile zile ambazo majani hupukutika. Alikosa siku moja, akakosa tatu, akawa anapiga simu asubuhi kumwomba radhi Mwalimu Seol kama mtoto mtoro. Jana jioni mwalimu ndiye aliyempigia. Sauti ilikuwa ya upole lakini haikuzunguka. Siku zimefika kumi na saba, alisema, na mwongozo unataka mwanafunzi aliyepitisha kumi na tano bila maelezo afutwe kwenye daftari la shule. Kesho anakuja mtu wa ofisi ya elimu. Bibi, usikose.

Kreti ilipokwisha, Pillye alitembea kilomita tatu kwa mwendo wa mtu anayefukuzia mbuzi, mkoba wa shule mgongoni, aproni ya bandani bado kiunoni.

Darasa la kwanza lilikuwa na madawati matatu. Moja la Dasol, msichana wa miaka saba aliyeng'oka meno mawili ya mbele. La pili la Boksim, mwenye miaka sabini na minane, jirani yake Pillye tangu walipoolewa. La tatu lilikuwa tupu, na nyuma yake, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu, alikaa Bwana Pyo wa ofisi ya elimu na faili lake.

"Umechelewa, bibi," alisema Dasol. "Tuko hatua ya pili."

Mwalimu Seol alimpa karatasi, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. Juu ya karatasi palikuwa na visanduku sita vilivyoonyesha jinsi ya kuchora gam: duara, kofia, kikonyo, jani moja, jani la pili, rangi. Chini palikuwa na sentensi ya kujaza: Vuli ni ... kwa sababu ...

Pillye alichora hatua ya kwanza. Duara lake lilitoka na ncha chini.

"Bibi, hilo si duara."

"Duara ni gam za mjini. Za kwetu zina ncha."

Dasol akatazama karatasi yake, akachukua kifutio, akaiongezea ya kwake ncha. Boksim naye alikuwa amefuta mpaka karatasi ikatoboka, na sasa alikuwa akichora jani juu ya tundu ili lisionekane. Hatua ya tatu Pillye hakuifuata pia. Kikonyo cha kwenye karatasi kilikuwa kimesimama peke yake kama njiti, naye akakipachika kile kipande cha kitawi, maana gam isiyo nacho utaitundikaje? Mwalimu Seol alipita nyuma yake, akaona, akaenda ubaoni kukiongeza na kwenye mchoro wake.

Kwenye kuandika ndipo mkono ulipokuwa mzito. Asubuhi nzima ulikuwa umeshika kisu, na penseli ilikuwa nyembamba mno; vidole havikutaka kuikubali. Aliandika neno gam, akasahau ule mraba mdogo ambao, katika maandishi ya kwao, hukaa chini ya herufi badala ya m, na bila mraba ule gam husomeka ga, yaani nenda. Dasol alimnong'oneza. Pillye akalipa neno sakafu yake, akaendelea taratibu mpaka mwisho. Vuli ni ndefu kwa sababu gam ni nyingi.

Bwana Pyo alizikusanya karatasi mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtu anayelala kidogo na kuendesha gari sana, na shule nyingine mbili zilimngoja siku hiyo. Aliisoma sentensi ya Pillye, akatikisa kichwa kukubali, akaweka alama. Kisha akafungua ukurasa wa pili wa faili, na hapo akakwama.

Alisema kazi ni nzuri, shida si kazi. Shida ni siku kumi na saba. Bibi Boksim naye alikosa siku kadhaa, lakini barua zake zipo, zimeandikwa na mkwewe anayeishi naye. Za Bibi Tak hazipo hata moja.

Mwalimu Seol alisema alipigiwa simu kila siku, na sababu anaijua, kijiji kizima kinaijua. Bwana Pyo akajibu kwamba simu haiingii kwenye faili. Mwongozo unasema barua ya mlezi, kwa mkono wa mlezi. Bila hiyo hana budi kumfuta leo, na akifutwa, darasa litabaki na wanafunzi wawili, na kwa wawili ofisi haiwezi kuendelea kulipa mwalimu wa darasa la kwanza.

Dasol aliacha kupaka rangi.

Wakajaribu walichoweza. Mwanawe Pillye, Jinsik, alikuwa mjini Ulsan akichomelea meli. Simu yake iliita mpaka ikakatika, kwa kuwa kazini simu hufungiwa kabatini. Boksim alisema mkwewe anaandika vizuri, awaandikie wote wawili. Bwana Pyo akatikisa kichwa. Mkwe wa Boksim si mlezi wa Pillye.

Pillye alikuwa amekaa akizitazama ncha za vidole vyake. Aliona jinsi itakavyokuwa: atarudi bandani, Bwana Gu atamrudishia kigoda, maana mikono mingine ataipata wapi katika kijiji ambacho kijana wake ana miaka sitini na minne, na mwakani, akiulizwa, atasema niliwahi kwenda shule kidogo. Hata hivyo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mlezi ni mtu gani?"

"Ni... ni mlezi, mama."

"Hicho kitabu chako kinasemaje?"

Bwana Pyo alipekua mwongozo, akalamba kidole, akapekua tena, akasoma kwa sauti. Mlezi ni mtu mzima anayemlisha mwanafunzi, anayempa mavazi na mahali pa kulala, na anayewajibika kwa mwenendo wake.

Pillye alifikiri. "Jinsik hanilishi," alisema. "Ana wanawe. Anayenilisha ni mimi. Nyumba ni yangu. Hii aproni nimeshona mwenyewe."

"Mama, mwanafunzi hawezi kuwa mlezi wake."

"Pameandikwa wapi?"

Bwana Pyo akarudi kwenye mwongozo. Alisoma ukurasa ule, akasoma unaofuata, akasoma na maandishi madogo ya chini. Mwalimu Seol alikuwa amejiuma mdomo. Mwishowe yule bwana akafunga kitabu, akatazama saa yake, akachomoa fomu moja kwenye faili na kuiweka mbele ya Pillye.

"Kwa mkono wake mwenyewe," alisema. "Mimi nitakuwa nikitazama."

Mwalimu Seol alichuchumaa kando ya dawati. "Hatua kwa hatua, bibi," alisema polepole. "Kama mchoro."

Jina la mwanafunzi: Tak Pillye. Jina la mlezi: Tak Pillye. Uhusiano wao. Hapo alisimama kidogo, akaandika: mmoja. Sababu ya kukosa shule: alikuwa akimenya gam. Safari hii mraba wa chini hakuusahau. Penseli ilimponyoka mara mbili, na mara zote mbili Dasol aliifuata chini ya madawati na kumrudishia. Nje dereva wa basi la shule alikuwa akifagia majani, na ufagio ulisikika mpaka ndani.

Kisanduku cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vyote. Hatua alizochukua mlezi ili mwanafunzi asirudie utoro. Mwalimu Seol alimsomea, kwa kuwa maneno yalikuwa magumu, kisha akasogea kando, maana hilo hakuweza kumsaidia.

Pillye aliitafuna penseli upande wa nyuma kama alivyomwona Dasol akifanya. Kisha akainama. Alichukua muda mrefu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akaandika mistari miwili iliyopanda kidogo kuelekea kulia:

Nimemkanya. Nimemwambia asome. Lakini lazima ale.

Bwana Pyo aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena. Akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia pumzi ili wino ulainike, akaugonga kwenye fomu, na baada ya hapo akaugonga kwenye daftari, mbele ya jina la Tak Pillye.

Boksim akashusha pumzi kwa kelele, akasema chakula cha mchana kitakuwa kimeshapoa. Mwalimu Seol alikwenda dirishani akajifanya anafungua pazia. Kifuani mwa Pillye palikuwa peupe, kama uwanja uliomalizwa kufagiliwa. Aliiweka penseli kwenye kikebe chake na kukifunga.

Mlangoni Bwana Pyo aligeuka, faili kwapani. "Ila, mama, safari nyingine mlezi alete barua ndani ya siku tatu. Asingoje mpaka nije."

"Sawa, mwanangu," alisema Pillye. "Nitamwambia."