Milima Haimo

Saa tisa na robo alasiri simu ilimtaka Asajile, kwa mara ya saba tangu asubuhi, athibitishe kwamba yeye si roboti.

Hakutukana. Matusi yalimwishia kwenye mara ya nne. Alikaa tu kwenye kigoda barazani kwao, kijijini Masoko, simu sikioni. Fomu nzima alikwishaijaza mwenyewe, huku simu ikimsomea: jina, cheti cha ualimu, umri miaka thelathini na mitano. Waliotaka kuomba wasizidi thelathini na mitano, na mwezi ujao anafikisha thelathini na sita. Nafasi ilikuwa moja, ya mwalimu asiyeona wa kufundisha watoto wasioona. Mwisho wa maombi, leo saa kumi.

Kilichobaki ni kuchagua picha. Picha, jamani, kwa kipofu!

Kitufe cha kusikiliza kilikuwepo. Ukikibonyeza, Mzungu anaongea katikati ya makelele kama yuko ndani ya mashine ya kusaga. Asajile akapiga simu ofisini.

"Nafasi hiyo tumewatengea ninyi kabisa," alisema dada wa ofisini. "Ingia mtandaoni."

"Nimeingia. Naambiwa nichague picha, na mimi sioni."

"Huo ni usalama wa mfumo, kaka. Tunazuia matapeli. Huna mtu hapo mwenye macho?"

"Nikiileta fomu kwa mkono?"

"Karatasi hatupokei siku hizi." Akakata.

Kijiji kizima kilikuwa msibani, kijiji jirani cha Lupepo. Mwenye macho aliyebaki ni mama yake, ambaye goti lilimzuia kwenda; alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Kusoma hajui. Asajile akampa simu, akamweleza: zitatokea picha tisa, aguse zile atakazoambiwa.

Kwanza yalitakiwa mabomba ya zimamoto. Mama akatafuta bomba la kutekea maji, hakuliona. Wakakosa. Zikaja picha nyingine.

"Sasa inataka nini?" mama aliuliza.

"Milima," Asajile alisema, simu ilipokwisha kumsomea.

"Ee! Hiyo naijua." Akafuta mikono kwenye kanga, akatazama picha moja moja bila haraka. Nyuma ya migomba ulisimama Rungwe, mlima aliouamkia tangu azaliwe. "Mwanangu, hawa wanakudanganya. Hapa hamna mlima hata mmoja. Ni matuta tu haya."

"Una hakika, mama?"

"Mlima nisiujue mimi?"

Asajile akabonyeza "endelea". Simu ikasema haikuweza kuthibitisha kuwa yeye ni binadamu, ajaribu tena baada ya saa moja. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Moyoni alitafuta hasira, hakuipata.

Wiki iliyofuata waliojisajili kwenye mfumo walitumiwa ujumbe. Simu ikamsomea vizuri, neno kwa neno: kwa kuwa hakuna mwalimu asiyeona aliyeomba, nafasi imefunguliwa kwa walimu wanaoona.

Mama aliusikia. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Kwani vile vilikuwa milima?"

"Sijui, mama. Sikuviona."

Akauvuta ungo hadi mapajani mwake, akaanza tena kuchambua maharage, akitoa mawe kwa vidole. Hakuacha hata moja.