Saa Sita za Mama Mkwe

Kazini walimwita Sekunde, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa lifti. Wenzake walipopumzika kwa chai, yeye alivaa raba, akapanda mbio ngazi za ghorofa kumi na nne, kisha akaandika muda wake ukutani kwa penseli. Marathoni alikuwa amezikimbia saba. Ya mwisho alimaliza kwa saa nne, dakika moja na sekunde kumi na mbili, na hiyo dakika ilimnyima usingizi mwaka mzima. Safari hii aliapa kushuka chini ya saa nne.

Siku nne kabla ya mbio, mkewe akateguka kifundo cha mguu. Yeye ndiye aliyekuwa amsindikize mama yake mbioni.

"Basi utakimbia naye wewe," mke akasema, mguu juu ya mto.

"Mimi? Na saa nne zangu?"

"Zitakuwepo na mwakani. Mama ana miaka sitini na mitatu, na yaliyompata mwaka jana unayajua."

Aliyajua. Mama mkwe, mkunga mstaafu, alikuwa amefika mwisho akakuta saa sita zimepita, mstari umefungwa, vijana wanakunja zulia. Walimpa chupa ya maji na pole. Wiki nzima hakuongea na mtu. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: kuvuka mstari ule ukiwa wazi.

Sekunde alianza mbio uso ameukunja. Wenzake wa kila mwaka walimpita wakimpungia mkono, naye akabaki nyuma na watu wanaopiga soga. Mama ndiyo kabisa. Kila meza ya maji alisimama. "Hamjambo wanangu? Mmeamka saa ngapi? Mmekula lakini?" Kila salamu, kwa hesabu ya Sekunde, ilikula sekunde arobaini. Amwambieje? Mama mkwe hahimizwi kama punda. Alikohoa. Alitazama saa kwa vituko. Mwishowe akajikaza.

"Mama, naona jua linapanda."

"Ndiyo kazi yake, baba."

Kwenye njia panda, trafiki mmoja mrefu kama mlingoti alikuwa amezuia magari. Mama akamnyooshea kidole.

"Wewe! Si ulikuja duniani umetanguliza miguu wewe?"

Trafiki akaona haya mbele ya madereva wote, akapiga saluti. Sekunde akaangua kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Katika marathoni saba hakuwahi kucheka hata mara moja.

Baada ya hapo ni kama alipanguswa macho. Kumbe barabara hii ina shule ya watoto viziwi, nao hushangilia kwa kupunga mikono yote miwili hewani! Kumbe kwenye roshani ile kuna mzee wa tarumbeta anayekosea wimbo uleule bila aibu! Mara saba amepita hapa, na alichokiona ni migongo ya watu. Alijawa na furaha, furaha ya kitoto, akawa anasalimia yeye kabla ya mama. Saa akaisahau kabisa.

Alipokuja kuitazama, akashtuka. Zimebaki kilomita tano na ushei, na dakika arobaini tu.

"Mama, tumechelewa. Kosa langu."

 Mama aliongeza mwendo, mdomo kaukaza, na hakusimama tena kwenye maji. Lakini ilipobaki kilomita moja akainama, mikono magotini.

"Miguu imegoma."

"Mama, samahani, kama hutajali, labda tungejaribu kidogo..."

"Unanibembeleza nini?" Mama akawaka. "Miaka thelathini nimefokea wanawake wodini, na hakuna aliyezaa kwa kubembelezwa. Nifokee!"

"Lakini wewe ni mkwe wangu!"

"Ukwe tutaurudia kesho!"

Sekunde akavuta pumzi. Akaitoa ile sauti ya kazini, anayomwitia mwenzake aliye ghorofa sita chini kwenye shimo la lifti.

"SUKUMA, MAMA! SUKUMA!"

Mtaa mzima uligeuka. Wanawake waliokuwa kando ya barabara hawakuhitaji kuelezwa, walilidaka neno wakalipokezana, "Sukuma! Sukuma!" na mama akaondoka, analia na kucheka kwa pamoja, Sekunde ubavuni mwake akifoka kwa adabu zote.

Saa kubwa juu ya mstari ilikuwa inamalizia dakika ya mwisho. Msimamizi alishaweka kipenga mdomoni. Hatua ya mwisho kabisa, Sekunde akasita. Kuvuka bega kwa bega na mama mkwe, mbele ya umati, hakuweza. Akarudi nyuma kidogo, akanyoosha mkono.

"Tangulia, mama."

Mama akapita. Kipenga kikalia.

"Pole, kaka," msimamizi akasema, mkono kifuani pa Sekunde. "Tumeshafunga."

Sekunde aliitazama saa: sita kamili na sekunde moja. Akacheka mpaka akakaa chini barabarani.

Nyumbani, mkewe aliwapokea mlangoni kwa mguu mmoja.

"Saa tano, dakika hamsini na tisa, sekunde hamsini na nane!" mama akatangaza, medali shingoni.

Wakakumbatiana, wakaruka wote kwa ule mguu mmoja. Kisha mke akamgeukia mumewe.

"Na wewe je?"

"Mimi hawakuniandika," akasema, uso umemchanua. "Nilikuwa nyuma ya mama."