Mzee Mabula na Saundi Kadi Yangu

Mimi hasira zangu ziko karibu, na Bariadi nzima inajua. Mteja akiniambia "fundi, simu imezima yenyewe tu" huku maji yanachuruzika kwenye tundu la chaja, haondoki bila kusemwa. Kwa hiyo Eufrasia alipoingia dukani kwangu mara ya tatu ndani ya wiki moja, nikajua amekuja na lile lile, nikaanza kuvuta pumzi kabla hajanisalimia.

"Wamekataa tena, Fundi Felisita," akasema, akanipa simu nisome mwenyewe.

Ujumbe ulitoka kwa Marcelo, mtayarishaji wa vipindi kwenye redio moja ya hapa mkoani: Sauti ndogo mno, mvumo mkubwa. Mwisho ni leo saa kumi. Ikishindikana tunachukua mwingine.

Nikaangalia saa. Saa saba na nusu.

Redio ilikuwa inatafuta mtu wa kusoma matangazo ya asubuhi: vifo, mikutano, mifugo iliyopotea. Kila mwombaji alipewa tangazo moja la jaribio la kurekodi na kutuma. Eufrasia alimaliza kidato cha nne, akafundisha chekechea mpaka darasa likafungwa, na sasa ulikuwa mwaka wa pili anapalilia pamba kijijini, nje kidogo ya barabara ya Maswa, huku anaandika barua za kazi zisizojibiwa. Hii ndiyo ya kwanza kujibiwa.

"Nikiikosa hii, fundi, sijui nitajaribu nini tena," akasema, kwa sauti ya chini hivi kwamba ilibidi niiname juu ya meza nimsikie.

Nyuma yake akaingia baba mkwe wake, Mzee Mabula, kofia kichwani, fimbo mkononi, kiredio chake kwapani. Mume wa Eufrasia, Luhaga, alikuwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Maswa, na msimu ulikuwa umepamba moto, ruhusa hakuna. Basi mzee ndiye aliyekuwa anamsindikiza. Na si kumsindikiza tu. Ni yeye aliyelisikia tangazo la kazi kwenye kiredio hicho, akamwita mkwewe na kumwambia, wewe umesoma, nenda ukajaribu.

"Mwadila, baba," nikamsalimia, nikipiga goti kidogo.

"Mwadila, mayu," akaitika, akiniita mama kwa Kisukuma chetu. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikamjibu kwamba ni salama tu.

"Je, leo mashine yako itashika adabu?"

Lo! Lilinichoma hilo. Angekuwa mwingine ningemjibu. Nikawafungulia chumba cha kurekodia.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Nimezungushia magodoro ya zamani ukutani ili sauti isirudi, nikaweka meza, maiki, laptop, na saundi kadi ya nje, kisanduku chekundu kisichozidi nusu mche wa sabuni. Kazi yake ni kupokea sauti kutoka kwenye maiki na kuipeleka kwenye laptop. Ikiwa nzima, unasikia mtu kama alivyo. Ikiwa na mdudu, unasikia kila kitu isipokuwa mtu.

Mzee akakaa pale pale alipokaa siku zote, kwenye kiti cha mlangoni, hatua mbili kutoka kwenye maiki, fimbo katikati ya magoti. Eufrasia akakaa, nikavaa hedifoni, akaanza kusoma. Mmmmmmm. Mvumo umejaa masikioni, na ndani yake, mbali huko, kisauti cha Eufrasia.

Mvumo niliumaliza, na sioni haya kujisifu. Kwanza nilichomoa chaja ya laptop. Umeme wa jengo letu hauna waya wa ardhini, basi chaja inaleta mvumo wake mpaka kwenye saundi kadi. Ukapungua zaidi ya nusu. Nikautoa waya wa saundi kadi kwenye kile kigawio cha matundu ya USB, nilikouchomeka pamoja na feni na kipanya, nikauchomeka kwenye laptop moja kwa moja. Ukapungua tena. Palibaki tiki-tiki-tiki, kumbe ni simu ya mzee iliyolala juu ya waya wa maiki. Nikaisogeza. Kimya! Kimya kitamu, mtu ungeweza kukilalia.

"Sasa soma," nikasema, nimeshaanza kutabasamu.

Akasoma. Kwenye laptop kuna mstari wa kijani unaopanda sauti inapoingia. Unatakiwa ufike juu ya nusu. Wa Eufrasia ulijikuna tu kule chini, ukalala.

Nikazungusha kitufe cha maiki kwenye saundi kadi mpaka mwisho. Nikaingia kwenye mipangilio ya laptop, nikapandisha na huko. Sauti ikaongezeka kidogo, lakini ikaja na shhhhhh kama mvua juu ya bati. Ukiongeza sauti, mvua inaongezeka. Ukipunguza mvua, Eufrasia anapotea. Nikabadilisha maiki. Nikabadilisha waya. Vile vile.

Kilichonitia wazimu ni kwamba nikisogea mimi na kusema "moja, mbili, tatu," mstari unaruka mpaka kwenye nyekundu. Akisogea yeye, unalala.

"Dada, umekula leo?" nikamuuliza.

"Nimekula, fundi."

"Basi soma kama mtu aliyekula! Unasoma kama unaungama dhambi!"

Akainamisha macho. Akarudia. Afadhali asingerudia.

Saa nane na dakika arobaini. Na kwa kuwa nimechomoa chaja, betri ya laptop imebaki asilimia thelathini. Nikatamani kulia, halafu nikatamani kumpiga mtu, halafu nikasema, "Tupumzike dakika tano, kabla sijavunja kitu."

Mzee akatoka kwenda jirani kwa Athanasi, fundi wa kuchomelea, kutazama plau inavyonyooshwa. Mashine ya kusagia chuma huko ilikuwa inapiga kelele za kutoboa sikio. Eufrasia akapita mlango wa nyuma kwenda uani kunawa uso. Mimi nikabaki na hedifoni kichwani, vitufe vyote viko juu, ninaendelea kuwinda ule mchakacho.

Ghafla:

"WEEE! Toka hapo! Lukresia! Lukresia wee, mbuzi wako anamaliza dagaa!"

Mama yangu! Nilizivua zile hedifoni kama zimeshika moto. Sikio la kushoto linalia nziii. Nikatazama laptop: mstari umepanda mpaka mwisho wa nyekundu, umeganda huko. Na sauti yenyewe imetoka uani, imepita kwenye mlango, imepita kwenye magodoro!

Nikatoka mbio. Eufrasia amesimama na kandambili mkononi, mbuzi wa jirani anakimbilia kwao, mdomo umejaa dagaa wangu niliowaanika.

"Hiyo sauti ni ya nani?"

"Samahani, fundi, yule mbuzi..."

"Achana na mbuzi! Nauliza sauti. Wiki nzima umeificha wapi?"

Akatazama kwanza upande wa barabarani kuhakikisha mzee hajarudi. Ndipo akaniambia, na sasa alisema kwa sauti ya mtu mzima, nene, iliyonyooka, yenye maneno yanayotoka moja moja yakiwa kamili.

"Baba anakaa pale mlangoni, fundi. Nitapazaje sauti mbele ya baba mkwe? Miaka tisa niko nyumbani kwake, sijawahi. Hata watoto nikitaka kuwaita kwa nguvu nazunguka kwanza nyuma ya zizi. Nikikaa kwenye ile maiki nataka kusoma vizuri, nataka kweli, lakini sauti inashuka yenyewe."

Nilikaa juu ya ndoo. Mimi ni Msukuma, mila hiyo naijua. Ila mimi nilipoolewa nilikuta baba mkwe ameshazikwa, kwa hiyo sijawahi kuishi na mtu wa kumshushia sauti. Kwangu napiga kelele bila breki. Wiki nzima nimezitukana nyaya zisizo na kosa. Mashine ilikuwa nzima. Nilichokuwa nakizungusha mpaka mwisho ni kitufe cha kutafuta sauti ambayo haikuwa imetolewa, na ile mvua ya bati niliileta mwenyewe kwa kuzungusha.

"Ungeniambia tangu juzi! Mficha uchi hazai!"

"Ningekwambia nini, na yeye yupo? Nimwambie mzee aliyenileta mwenyewe, aliyeacha ng'ombe wake, kwamba yeye ndiye ananizuia? Hapana, fundi. Bora nikose kazi."

Na hakuwa anatania. Nilimwona usoni.

Saa tisa na dakika tano mzee akarudi, akakaa pale pale. Sasa kazi ya kumtoa ikawa yangu, na mimi maneno ya kuzunguka sikujaliwa.

"Baba, kwa Nyanda ng'ambo pale kuna chai nzuri ya maziwa."

"Nimeshakunywa."

"Hapa pana joto, baba. Nje kuna kivuli."

"Joto nimelizoea."

"Labda ukamtazame Athanasi na ile plau..."

"Nimetoka huko sasa hivi. Mayu, rekodini, muda unakwenda."

Betri asilimia ishirini na mbili. Eufrasia ananitazama kwa macho ya kuomba nisiseme. Nami nikasema. Limenitoka kabla sijalipamba:

"Baba, tatizo la mashine ni wewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Eufrasia alifunika uso kwa khanga. Mzee Mabula alinitazama mimi, akamtazama mkwewe, akaitazama maiki. Niliona anahesabu hatua kutoka kwenye kiti chake mpaka pale. Halafu akainuka, akachukua kiredio na fimbo, akatoka.

"Umeniua, fundi," Eufrasia akasema.

"Utakufa kesho. Sasa hivi soma."

Nilirudisha kitufe cha saundi kadi chini mpaka robo. Mvua ya bati ikakatika pale pale. Akafumba macho, akavuta pumzi, akasoma:

"Amepotea ng'ombe jike, mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika, ana alama nyeupe pajani. Mara ya mwisho alionekana njia ya kwenda mnadani. Atakayemwona amfahamishe mwenyewe au afike kwa mtendaji wa kijiji."

Mstari wa kijani ulipanda, ukakaa pale unapotakiwa kukaa, ukatulia. Hakuna mvumo, hakuna mchakacho. Nywele zilinisimama. Nilimfahamu kabisa yule ng'ombe, niliona hata anavyochechemea, na tangazo halikusema kama anachechemea.

Tukatuma saa tisa na dakika ishirini na nane. Saa tisa na nusu laptop ikaanza kulilia chaja, nikairudishia. Tukakaa. Eufrasia alikuwa anakunja ncha ya khanga na kuikunjua. Mimi nilifagia duka mara mbili.

Saa kumi kasoro dakika nne simu ikalia. Nikaweka spika.

"Hii ndiyo nilikuwa naitafuta," akasema Marcelo. "Mmebadilisha mashine?"

"Hatukubadilisha kitu," nikajibu. "Tumehamisha kiti kimoja tu."

Hakuelewa, na hakuuliza. "Mwambie Eufrasia aje Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri awe studio. Asichelewe."

Nilipiga vigelegele mpaka Athanasi akazima mashine yake kusikiliza kuna nini. Eufrasia alilia, akacheka, akalia tena. Mimi nilihisi mabega yangu yanashuka, kumbe nilikuwa nimeyapandisha tangu Jumatatu. Halafu ghafla Eufrasia akashtuka.

"Baba yuko wapi?"

Tukachungulia barabarani. Kwa Athanasi hayupo. Kwa Nyanda hayupo. Furaha ikaanza kunitumbukia nyongo. Nikajiambia, Felisita, mdomo wako huu, umemfukuza mzee wa watu.

Alitokea baada ya dakika kumi, taratibu, vumbi mpaka magotini. Nikapiga goti, safari hii mpaka chini.

"Nisamehe, baba."

"Kwa nini? Fundi akiona mdudu, amwache?" Akafuta jasho. "Nilikwenda kule mwisho, kwenye majaruba ya mpunga, nisije nikawa bado niko karibu. Sikujua umbali unaotakiwa. Je, imekuwaje?"

"Amepata, baba. Jumatatu anaanza."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Wabeja," akashukuru mwishowe. "Wabeja sana." Kisha akakohoa kidogo. "Na mimi sasa naruhusiwa kumsikia? Redioni si nitamsikia? Yeye yuko huko, mimi niko nyumbani, hakuna aliyemkosea mwenzake."

Eufrasia akanielewa kabla sijamtazama, akatoka uani, akarudishia mlango.

Nikamkalisha mzee kwenye kiti cha maiki. Nikatoa waya wa hedifoni kwenye saundi kadi, nikaunganisha spika, nikabonyeza. Amepotea ng'ombe jike, mwekundu. Mzee aliinamisha kichwa kama yuko kanisani. Lilipokwisha, akanigeukia.

"Huyo ng'ombe kapatikana?"

"Ni jaribio tu, baba. Hakuna ng'ombe."

"Aah." Akaigusa spika kwa ncha ya kidole. "Miaka tisa ananiletea chakula, ananisalimia, namjibu. Kumbe huyu ndiye niliyekuwa nakaa naye."

Nikairudisha rekodi mwanzo.

"Weka tena," akasema.

Nikaweka tena. Chini ya mlango wa uani niliona kivuli cha Eufrasia, amesimama anasikiliza. Mzee akaiweka fimbo sakafuni, akasogea mbele kwenye kiti.

"Ongeza sauti, mayu."

Nikaongeza.

"Ongeza."