Wanawake Sita wa Kola

Mama yake alimwomba jambo moja tu. "Andika utakavyo kuhusu kiwanda, mwanangu. Ila la macho yangu liache. Wakijua, sina kazi."

Jamani, hilo nalo ni gumu? Kwa binti huyu, msomi wetu wa uchumi wa kazi, mwaka wa tatu chuo kikuu, lilikuwa gumu. Utafiti wake ulihusu kiwanda cha mashati ambako mama alishona kola pamoja na wenzake watano. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, tundu la sindano halioni hata umshikie. Wenzake wakamficha. Kila mmoja alivuta kola chache kutoka lundo la mama na kuzishona kimyakimya, na msimamizi akishapita wanamtania, "Dada mkubwa, leo umetukimbiza!"

Mhadhiri alisoma rasimu akapiga miayo. "Utafiti huu mkavu. Takwimu hizi ziko kila mahali. Nipe kitu ulichokiona wewe mwenyewe."

Hapo ndipo shetani alipompitia. Si hatataja jina? Nani atajua?

Siku ya kuwasilisha utafiti, alieleza jinsi wanawake sita wa kola wanavyobebana, mmoja wao haoni, na kazi inatoka vilevile. Alieleza vizuri, tusimwonee. Sauti ilimtetemeka kwa mapenzi. Safu ya mbele alikaa meneja wa kiwanda, aliyealikwa kwa sababu ndiye aliyemruhusu kuingia kiwandani. Alipiga makofi kuliko wote.

"Kumbe watu watano wanaiweza kazi ya watu sita," alisema akitabasamu. "Ahsante sana, binti. Umetusaidia."

Binti alitaka kusema sivyo, lakini meneja alikuwa ameshageuka kuondoka.

Wiki iliyofuata mama alirudi nyumbani jua bado kali, mkasi wake mkononi. Akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamenifukuza. Wenzangu wamebaki, lakini kola zangu sasa wamepangiwa wao, kila siku. Hakuna hata mmoja aliyeniaga."

"Mama, nisamehe. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine nilimwambia?"

Binti akalia kwa kwikwi. Mama akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wake.

"Walimu wako walifurahi lakini?"

"Walifurahi, mama."

"Basi kamalize shule. Ila ukikutana na wenzangu njiani, usiwaamkie. Watakuitikia kwa ajili yangu tu, na moyoni hawataki."