Mstari wa Chokaa

Kila muhula unapofunguliwa, Bethwel wa kaunti hufika na nusu gunia la chokaa na kuchora mstari katikati ya uwanja wa shule, huko Subukia. Upande wa juu ni nasari, mali ya kaunti. Upande wa chini ni shule ya msingi, mali ya serikali kuu ya Nairobi. Huchora polepole, ulimi nje, halafu hukaribishwa chai.

Mwezi wa nne upepo uling'oa paa la darasa la kwanza na kulitua katika shamba la kahawa la mzee Wanyoike. Mzee aliyapanga mabati vizuri kando ya zizi, akayafunika kwa turubai yasinyeshewe. Yako pale mpaka leo, kwa sababu ni mali ya Nairobi na barua ya kuyahamisha haijafika.

Nasari ina paa jipya na madirisha ya vioo. Anayefundisha humo ni Mastura, mjane kutoka Nakuru mjini. Binti yake Ilwad yuko ng'ambo ya mstari, darasa la kwanza, hatua ishirini tu.

Mvua zilipoanza, watoto wa darasa la kwanza walikimbilia nasari, na kila aliyevuka chokaa alirudi kuwa wa nasari. Sare ilimpwaya, meno yaliyong'oka yakarudi, herufi zikamtoka kichwani zote. Akirejea upande wake, mwili ulikua tena, lakini herufi hazikurudi. Alianza upya na a. Mwalimu mkuu Makhanu aliandika ripoti, na kaunti ikajibu kwamba nasari ile ni ya watoto thelathini, wasizidi.

Wazazi wengine walinunua viatu vya mpira, maisha yakaendelea. Mastura alimvusha Ilwad mara mbili. Alisema ni kwa sababu ya kifua cha mtoto, na kweli kifua kilikuwa kibaya. Lakini Ilwad akivuka alikuwa na miaka minne, akinyoosha mikono abebwe, akiita "mama". Akiwa upande wa darasa la kwanza alimwita "ticha" kama wenzake. Mastura alifundisha akiwa amembeba mgongoni, na hakuna kitu alichotamani zaidi ya uzito ule. Jioni walianza tena a, e, i, o, u.

Mastura mwenyewe hakuweza kuvuka saa za kazi. Miguu iligoma pale kwenye chokaa, kama ya ng'ombe aliyefikishwa darajani.

Mwezi wa saba, Ilwad alisoma ukurasa mzima, hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya chifu. Siku iliyofuata ikashuka mvua ya mawe. Watoto wakajifunika madawati. Mastura akatoka mbio mpaka kwenye mstari.

"Ilwad! Kuja hapa, mama! Utagonjeka!"

Ilwad alikuja, kitabu ndani ya sweta, akasimama ncha za viatu zikigusa chokaa.

"Nikiingia nitasahau mbuzi?"

"Utasahau."

"Yote?"

"Yote. Lakini nitakubeba."

Ilwad akakohoa, akafikiri. "Utanibeba mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

Mtoto alichungulia mgongo wa mama yake. Alitaka kuingia, ilionekana wazi usoni. Kisha akatoa kitabu.

"Wacha nikusomee kwanza, ticha."

Akasoma kwa sauti ya juu ili mvua isimshinde, mbuzi, kofia, chifu, mpaka mwisho. Mastura alikuwa amenyoosha mikono, vidole vikikomea palepale hewa ya upande wa pili ilipoanzia. Ilwad alifungua ukurasa wa pili, ambao hakuwa ameusoma bado, akaanza.

Muhula uliofuata Bethwel alikuta mahali pamoja chokaa imekanyagwa pande zote mbili, nyayo kubwa na nyayo ndogo zikitazamana. Akapajaza vizuri, akahakikisha mstari umenyooka, akaenda kunywa chai.