Tulia, Mama

Jina la Kiroboto binti alipewa na mama yake mwenyewe, enzi za kusukwa nywele. Kila Jumapili mama alimbana katikati ya magoti na kumwambia neno moja tu: tulia. Sasa Kiroboto alikuwa mtu mzima, mpiga picha, na alfajiri angesafiri kwenda kuanza kazi nchi ya mbali. Alitaka kuondoka na kitu kimoja: picha ya mama ndani ya bustani yake.

Mama alishauri wapige mchana, kama watu wenye akili. Kiroboto akamuuliza ni lini mchana ulimkuta nyumbani. Kweli, mama alitunza stoo ya hospitali na kila siku alirudi jua limeshazama. Bamia zake, mchicha na ule mlimau wa pembeni alivijua kwa kupapasa. Basi ikawa usiku, mwezi umepevuka, ua mzima mweupe.

Kiroboto akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaeleza kwamba mwanga wa mwezi ni mchache, hivyo kamera hukaa imefumbua jicho kwa muda. Mama akaitikia bila kusikiliza. Jicho lilipofumbuka, akaona konokono kwenye mchicha, akamtoa. Akaona mwingine. Akakumbuka ndoo ya kumwagilia, akaifuata.

Wakaiinamia picha pamoja. Kila jani lilionekana, hata kamba ya nguo. Mama hakuwamo.

"Mimi nimekwenda wapi?"

"Kamera haimshiki mtu anayehangaika, mama."

Mama akasema kamera ni mbovu. Wakarudia, safari hii ukatokea ukungu tu kando ya mlimau, kama moshi wa jiko. Kiroboto akacheka, akasema leo amejua kiroboto huzaliwa na nani. Kisha kicheko kikakatika.

"Kesho nitakuwa nakutafuta humu," akasema. "Nisikukose. Tulia."

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuna cha kung'oa, hakuna cha kumwagilia. Ndipo jambo alilolikimbia tangu arudi kazini, akipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi, likamfikia pale pale alipoketi: kesho jioni angefungua mlango, na chumba cha pili kingekuwa kitupu. Konokono akaanza kupanda kiatu chake, taratibu, bila haya. Akamwona, akamwacha.

Picha ikatoka. Mama yumo, ameketi, uso wazi kabisa. Mikono tu ndiyo iliyofifia mapajani, kama rangi iliyoingia maji.

Kiroboto akataka warudie, akisema vidole vilicheza.

"Acha hivyo hivyo," mama akasema, akiinama kumbandua konokono kiatuni. "Ikitulia na mikono, hutanijua."